Taka Mikononi mwa Fundi: Riziki, Sanaa na Mipaka ya Dini

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola aliyeumba kila kitu kwa kadiri yake, wala hakuumba kitu kwa mchezo. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Kila ufuo wa pwani yetu, tangu Kiunga hadi Vanga, una mstari wake wa taka pale maji yanapoishia. Mna chupa, vifuniko, vipande vya nyavu, vikombe, na zaidi ya yote mna ndala: za kushoto bila za kulia, za wakubwa na za watoto, zilizokatika kanda na zilizochujuka rangi. Nyingine zimetupwa na sisi wenyewe mitaani, mvua ikazichukua hadi baharini. Nyingine zimeletwa na pepo za kusi na kaskazi kutoka nchi ambazo hatutazifika.

Katika miaka hii wamezuka watu wanaozikusanya taka hizo na kuzifanyia kazi ya mikono, na wengi wao ni akina mama na vijana wetu. Wapo wanaopata karo za watoto kwa kazi hiyo. Basi tumeulizwa zaidi ya mara moja: je, kazi hii ni halali? Na je, mama wa Kiislamu akiambiwa achonge ndovu au kasa kwa ndala kuukuu, ashike kisu au akiweke chini? Suali hili ni la haki, kwani nyuma yake kuna chakula cha nyumba. Tunapenda kulijibu kwa utaratibu, tukianza na kazi yenyewe, kisha tuje kwenye mipaka yake.

Kutoka Kiwayu hadi Unguja

Kisiwa cha Kiwayu, katika kaunti ya Lamu, kimeikabili bahari kuu, na taka za mbali humwagika pale kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, mhifadhi wa viumbe vya bahari aliyekuwa akifanya kazi katika eneo la hifadhi ya Kiunga, aliwaona watoto wa huko wakichonga vidau vya kuchezea kwa ndala zilizookotwa ufuoni. Wakati huo huo taka zilikuwa zikiwazuia kasa kupanda mchangani kutaga mayai. Akawahimiza akina mama wa pale wakusanye ndala hizo, wazioshe, wazikate na kuziuza zikiwa kazi za mikono. Kutokana na mwanzo huo ikaja kuundwa kampuni iitwayo Ocean Sole, yenye karakana yake Nairobi, ambayo vinyago vyake vya ndala hununuliwa hadi ng'ambo.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ingawa yataka subira. Ndala huoshwa kwa sabuni na kuanikwa. Kisha hugandishwa kwa gundi, moja juu ya nyingine, mpaka pakapatikana bonge nene lenye mistari ya rangi. Fundi huchukua kisu kikali akalichonga bonge hilo, halafu hulisugua mpaka likawa laini, na mwisho huliosha tena. Rangi zote huwa ni zile zile zilizovaliwa na watu miguuni; hakuna inayoongezwa.

Kule Lamu mjini mafundi wakaenda mbali zaidi. Mwaka 2018, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliunda chombo kizima kwa plastiki iliyotupwa, kikapewa jina la Flipflopi. Takriban tani 10 za taka ziliyeyushwa na kutiwa kwenye kalibu zikawa mkuku, mataruma na mbao, kisha zikachongwa na kuunganishwa kwa ujuzi ule ule unaotumika kwa mti. Ubavu wa chombo ukavikwa ndala zipatazo 30,000. Kilitiwa majini mwezi wa Septemba mwaka huo, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kikasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, kikipita bandari kwa bandari kuwafundisha watu madhara ya plastiki. Mwaka 2021 kikapelekwa Ziwa Viktoria kwa kazi hiyo hiyo.

Ndani ya habari hiyo mna jambo la kuzingatia. Fundi aliyerithi ufundi wake kwa wazee alipewa kitu ambacho wazee wale hawakukijua, naye hakukikataa. Alichukua elimu ya mti akaipeleka kwenye plastiki, na bahari ikakipokea chombo chake.

Jambo hili si geni kwetu

Tusidhani kuwa elimu ya kukipa uhai wa pili kitu kilichokwisha imeletwa na watu wa mbali. Nyumba za mabibi zetu zilikuwa ndiyo madrasa yake. Nazi ikishafuliwa, makumbi hayatupwi: hufukiwa kwenye matope ya pwani mpaka yakalainika, kisha hupondwa, na usumba wake husokotwa kamba. Nazi ikishakunwa, kifuu hufanywa kata ya kutekea maji mtungini au upawa wa kupakulia mchuzi, na kilichopasuka huwa ni kuni. Ukuti husukwa pakacha. Debe la mafuta hugeuzwa ndoo, na kopo dogo hufanywa koroboi. Gurudumu la gari likichakaa hukatwa viatu vya akala.

Na nani asiyejua safari ya leso? Hununuliwa doti nzima, ikavaliwa harusini na kwenye matembezi. Ikichujuka hushuka jikoni. Kisha huwa mbeleko ya kumfunga mtoto mgongoni, halafu huwa winda, halafu kitambaa cha kushikia sufuria, na mwisho vipande vyake hujazwa ndani ya mto. Leso moja huitumikia nyumba kwa miaka mingi, wala mwenye nyumba haoni kuwa anafanya jambo la ajabu.

Vivyo hivyo kwa vyombo vya bahari. Huko Lamu mbao za majahazi yaliyokufa hutengenezwa viti, meza na fremu za vioo, na alama za misumari na chumvi huachwa zionekane, kwani ndizo zinazoipa kazi hiyo uzuri wake. Matanga yaliyochakaa hushonwa mikoba. Kilichobadilika ni aina ya taka. Makumbi yakitupwa huoza yakarudi kuwa udongo. Plastiki haiozi, hukatikakatika tu ikawa vipande vidogo vidogo, ikaliwa na samaki, na samaki tukamla sisi. Kwa hivyo elimu ya mabibi zetu tunaihitaji leo kuliko walivyoihitaji wao.

Mafundisho ya nyumba ya Mtume

Mola wetu amekataza israfu katika kula na kunywa, na katika Suratul Israi amewakemea wabadhirifu kwa makemeo makali, akawahesabu kuwa ni katika jamaa za shetani. Lakini katazo peke yake halimfundishi mtu la kufanya. Mafunzo ya vitendo tunayapata katika nyumba ya Mtume (s.a.w.).

Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kuwa Mtume alipokuwa nyumbani alishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake. Aliyekuwa mbora wa viumbe hakuona haya kutia kiraka.

Imepokewa pia katika Sahihi mbili kuwa alipita penye mzoga wa kondoo aliyekuwa amepewa mtumwa aliyeachwa huru wa Bibi Maimuna (r.a.). Mtume akawauliza mbona hawakuichukua ngozi yake wakanufaika nayo. Wakasema: huyo ni mfu. Akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Tazama jambo hili kwa makini. Watu walikuwa wamekwisha kukihukumu kitu kizima kuwa ni cha kutupwa, na Mtume akawaonyesha kuwa ndani yake mlibaki manufaa. Kwa ajili hiyo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wakasema kuwa ngozi ya mfu hutahirika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe.

Na akina mama wanaofanya kazi za mikono wana kiigizo chema katika Bibi Zainab binti Jahshi (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwaambia wakeze kuwa wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake atakuwa ni yule aliye mrefu zaidi wa mkono. Wakawa wanapimana mikono yao. Bibi Zainab alipotangulia kufariki ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ulikuwa wa sadaka, kwani alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akidibaghi na kushona, na pato lake akilitoa kwa maskini. Mama wa Waumini alikuwa fundi. Basi asidharauliwe mama anayekaa barazani na sindano yake au kisu chake.

Suali la vinyago

Sasa tuje kwenye suali lenyewe. Kusafisha ufuo ni amali njema, kwani kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Kugeuza taka kuwa kitu cha manufaa ni jambo la kusifiwa. Shaka imeingia kwenye umbo linalochongwa.

Jumhuri ya wanavyuoni, na wa madhehebu ya Shafi miongoni mwao, wamekataza kuchonga umbo kamili la kiumbe chenye roho, awe ni mtu au mnyama. Hadithi za kuonya juu ya jambo hilo ni nyingi na ni sahihi. Haijalishi kuwa kinyago kimechongwa kwa mpingo, kwa udongo au kwa ndala. Hukumu hufuata umbo. Wapo wanavyuoni wa zama hizi waliolegeza pale ambapo hakuna utukuzaji wala ibada, na kila mtu ana haki ya kumuuliza shekhe anayemwamini. Ama sisi, tunaona kuwa msimamo wa jumhuri ndio ulio salama zaidi kwa dini ya mtu.

Lakini sheria yetu haimfungii mtu mlango akamwacha gizani. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya mtu aliyemjia Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume, na yule mtu akashikwa na hofu hata uso ukamgeuka rangi. Ibn Abbas hakumfukuza wala hakumwambia akae bure. Alimwelekeza kuwa ikiwa hana budi na kazi hiyo, basi afanye miti na kila kisichokuwa na roho. Hilo ndilo jibu letu kwa mama aliyetuuliza. Kisu asikiweke chini, abadilishe umbo. Kwa bonge lile lile la ndala na achonge jahazi, mnazi, nyota, hilali, ua la asumini, au nakshi za milango ya Lamu ambazo ulimwengu mzima wazipenda. Vidau vya watoto wa Kiwayu, vilivyoianzisha habari yote hii, havikuwa na roho.

Vitu vya kuchezea watoto vina hukumu yake. Wanavyuoni wengi wameviruhusu, kwa dalili ya wanasesere wa Bibi Aisha. Katika Sunan Abi Daud imepokewa kuwa miongoni mwao alikuwemo farasi mwenye mbawa mbili zilizotengenezwa kwa viraka vya nguo. Mtume alipomuuliza habari ya farasi mwenye mbawa, Bibi Aisha akamjibu kwa farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Basi mama anayemshonea bintiye mwanasesere kwa mabaki ya leso asione dhiki moyoni.

Na kuhusu kilichokwisha kuwapo nyumbani, kuna hadithi ya pazia. Bibi Aisha alitundika pazia lenye picha, na Mtume akachukizwa nalo. Hakulitupa. Alilikata akalifanya mto mmoja au miwili ya kuegemea. Katika kitendo kimoja akaondoa kilichokatazwa na akaokoa kitambaa.

Mipaka mingine ya kuchunga

La kwanza ni asili ya kitu. Kilichotupwa ni kimoja na kilichoibwa ni kingine. Mapema mwaka 2022 Serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya chuma chakavu nchini, baada ya milingoti na nyaya za umeme kuharibiwa na watu wanaotafuta vyuma vya kuuza. Fundi anayenunua chuma, shaba au waya kwa bei ya kutupa bila kuuliza kimetoka wapi, ajue kuwa uzuri wa kazi yake hauitakasi haramu iliyomo ndani yake. Kadhalika kitu cha thamani kilichookotwa ni amana. Hutangazwa kwanza, hakigeuzwi mkufu siku hiyo hiyo.

La pili ni tahara. Asili ya vitu ni kuwa twahara mpaka ijulikane najisi yake. Ndala iliyookotwa ufuoni haiharamishwi kwa shaka tu, huoshwa ikatumika. Ama kilichotoka jaani kikiwa na najisi iliyo dhahiri, najisi hiyo huondolewa kwanza, hasa ikiwa kitu kitafanywa msala au kitawekwa msikitini.

La tatu ni afya. Dumu la dawa za mimea au la kemikali halifai kuhifadhia maji ya kunywa hata likioshwa mara saba. Plastiki haichomwi uani, kwani moshi wake ni sumu kwa watoto. Wanaokota taka na wavae glavu na viatu, kwani kwenye taka mna sindano na vigae. Na gurudumu lililowekwa uani kwa ajili ya kupandia maua litobolewe chini ili maji yasituame. Mbu aenezaye homa ya dengi, ambayo imewasumbua sana watu wa Mombasa, huzaliana kwenye maji machache kama hayo.

La nne ni karatasi. Magazeti, juzuu zilizochakaa na kadi za harusi zilizoandikwa jina la Mwenyezi Mungu hazifanywi maua wala bahasha. Hutengwa, zikazikwa mahali safi au zikachomwa kwa heshima, kama walivyoeleza wanavyuoni.

La tano ni haki ya mfanyakazi. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mama huokota tangu alfajiri, akaosha na kubeba, kisha tajiri akanunua kwa kilo kwa bei aipendayo yeye, na kazi iliyokamilika ikauzwa dukani kwa bei ambayo mama yule hakuambiwa. Dhuluma haigeuki kuwa wema kwa kuitwa uhifadhi wa mazingira. Tunawausia akina mama wajiunge katika vyama, wawe na mizani yao wenyewe, wakubaliane bei kabla ya kazi, na waandikiane, kwani Qurani imetuamrisha kuandika tunapokopeshana.

La kufanya majumbani na madrasani

Kazi hizi zisitufanye tukaona kutupa ni sawa kwa kuwa yupo wa kuokota. Ndala zote zinazochongwa hazifikii hata chembe ya zinazotupwa. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimezuiwa katika mbuga na fuo zilizohifadhiwa. Sheria imetusaidia, lakini kikapu cha ukindu kingekuwa mkononi mwetu hata bila ya sheria. Kwanza tupunguze, kisha tutengeneze kilichoharibika, na kinachobaki ndicho cha kupewa fundi.

Katika nyumba, mama na atenge mfuko wa matambara. Yakijaa, yakatwe vipande virefu vya upana wa vidole viwili, yasukwe mikili mitatu mitatu kama nywele, kisha mikili hiyo izungushwe na kushonwa pamoja. Litapatikana zulia dogo la mlangoni, na mabinti watakuwa wamejifunza kushona. Makopo yatobolewe nakshi kwa msumari, yawekwe taa ndani yake, na watoto wayatundike barazani usiku wa Ramadhani. Katika madrasa, walimu wanaweza kuitenga siku moja ya likizo, wanafunzi wakasafisha ufuo asubuhi na alasiri wakafanya kazi za mikono kwa walichookota. Na wazee wajuao kusuka ukili na kusokota kamba waalikwe wafundishe, kabla elimu hiyo haijazikwa pamoja nao.

Nasi tumefikiri juu ya jambo jengine. Qurani tukufu, ilipokusanywa baada ya Mtume (s.a.w.), ilikusanywa kutoka vifuani mwa watu na kutoka kwenye vitu walivyokuwa wameiandikia: makuti ya mtende, mawe membamba na mifupa ya mabega ya wanyama. Mfupa ambao mwengine angeutupa baada ya kula ulibeba maneno ya Mola wa viumbe vyote. Baada ya hapo mtu atakidharau vipi kitu kwa sababu tu kimekwisha kutumika?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya akina mama wanaotafuta halali, azisafishe fuo zetu na nyoyo zetu, na atujaalie kuwa wenye kushukuru neema kubwa na ndogo. Wabillahi taufiki.